Jembe la Siku ya Tatu

Basi la kukodi lilisimama nje kidogo ya Makambako ili watoto wajisaidie. Wavulana walikwenda nyuma ya magogo ya misonobari, wasichana wakavuka upande wa pili, na Bibi Roza akasimama katikati akiwa ametandaza khanga kuzuia upepo. Upepo wa Makambako haumheshimu mtu. Kamati ya wazazi ilimchagua awasindikize wasichana wa darasa la sita kwa sababu ni mjane, hana wa kumpikia ila mjukuu wake Anjela, na Anjela naye alikuwa ndani ya basi hilohilo.

Walitoka Mferejini, kijiji cha mpunga kule Usangu, wakaelekea makumbusho ya Iringa. Makumbusho ilikuwa na programu kwa ajili ya shule. Mwalimu Jofrey aliwaeleza watoto kwamba huko watafundishwa kuheshimiana, maana Tanzania ina makabila mengi, dini nyingi na mila nyingi. Aliyasema hayo huku anapiga miayo. Kisha akamwambia Shedrack aache kumrushia Milembe maganda ya viazi.

Milembe alikuwa kiti cha nyuma, peke yake. Baba yake, Ndalahwa, ni Msukuma aliyefika Mferejini na ng'ombe kabla mtoto hajazaliwa. Alijenga kando ya mfereji kwa ruhusa ya mdomo ya mwenyekiti ambaye sasa ni marehemu. Ng'ombe walipungua mwaka hadi mwaka, wakabaki wachache wa maziwa, naye akawa analima mpunga kwenye mashamba ya kukodi. Jumamosi ya wiki ile mkutano mkuu wa kijiji ulikuwa ugawe mashamba upya. Atakayepata angekaa. Asiyepata angeondoka kabla ya mvua, na nyumba za kando ya mfereji zingebomolewa. Milembe hakuhitaji kuelezwa. Alijua kwamba mwakani atafanya mtihani wa darasa la saba palepale, au hataufanya kabisa.

Bibi Roza alimpa kiazi cha pili. Kilikuwa kimepoa.

"Kula, usijali maganda. Hata mimi nilipoolewa huku walinirushia maneno."

"Maneno hayachafui sare, Bibi," Milembe alisema.

Makumbusho ni jengo la mawe lenye madirisha marefu. Msichana aitwaye Violet, mwelimishaji wa programu, aliwapokea mlangoni. Alikuwa mpole, na sauti yake ilishakauka, maana tangu asubuhi alikuwa amepokea shule nyingine. Ukutani kulitundikwa kadi kubwa zenye rangi: Wahehe, Wabena, Wasangu, Wakinga, Wanyakyusa, Wasafwa. Aliwaambia kila mtoto asimame chini ya kabila lake, ili waone walivyo wengi na wanavyopendeza.

Watoto wakakimbia. Anjela alisimama chini ya Wahehe kwa ajili ya bibi yake aliyetoka Kilolo, akahamia Wasangu kwa ajili ya marehemu babu yake, mwisho akabaki katikati. Violet akamwambia hata katikati ni sawa, ndiyo uzuri wenyewe.

Milembe alibaki mlangoni.

"Na wewe mrembo, kabila gani?"

"Msukuma, madamu."

Violet akazitazama kadi moja moja kana kwamba nyingine ingeweza kuchipuka. Kadi zilikuwa za watu wa nyanda za juu, ndivyo programu ilivyoandaliwa. "Basi simama pale kwa muda," alisema, akaonyesha ukuta wa mwisho.

Ukuta wa mwisho ulikuwa na kadi iliyoandikwa WAGENI. Chini yake kulikuwa na picha za askari wa Kijerumani wenye masharubu, Mwarabu wa pembe za ndovu na wamisionari wawili juu ya punda. Milembe akaenda akasimama chini ya masharubu.

"Kumbe Milembe Mjerumani!" alisema Shedrack. "Ndiyo maana hata ng'ombe wenu wana pembe kama kofia za vita!"

Watoto wakacheka hadi wengine wakaketi chini.

"Nyamaza wewe Mhehe," alisema Mwalimu Jofrey. "Nenda kwenu kwanza kahesabu mbwa kama wametimia."

Shedrack akacheka kuliko wote. Mwalimu Jofrey ni Mngoni, na Mngoni na Mhehe ni watani tangu vita vya mababu, kwa hiyo maneno yao makali, hata yale ya kwamba Wahehe hula mbwa, hayana mwiba. Mtu aliye na mtani amekwisha kuwa wa pale. Bibi Roza alitazama chumba kizima, akaona kwamba Milembe hakuwa na mtani mle ndani. Alikuwa na watu wanaomcheka tu.

Katikati ya chumba kulikuwa na sanduku la kioo, na ndani yake jembe la zamani lenye mpini mfupi uliong'azwa na mikono. Violet alieleza kwamba Wakinga walilifua kwao milimani, likabebwa kichwani hadi Usangu, likabadilishwa kwa mbuzi, likatolewa mahari, likalima, likazeeka, likaja hapa.

"Wahenga walisemaje? Mgeni siku mbili..."

"Ya tatu mpe jembe!" watoto waliitikia.

"Inatufundisha nini?"

"Mgeni asile bure," alisema Shedrack.

"Sawa, na nini tena?"

"Tumheshimu," alisema Anjela.

"Vizuri sana. Tumpigie Anjela makofi. Tunampokea mgeni, na tukishampa jembe, amekuwa mtu wa nyumbani. Haitwi mgeni tena."

Milembe akanyoosha mkono akiwa palepale chini ya picha. "Madamu, mimi nimezaliwa Mferejini. Kwangu hii ni siku ya ngapi?"

Violet akatazama saa. "Swali zuri. Tutalijibu mwishoni."

Jembe likagonga kioo mara moja, kama mtu anayebisha hodi bila kutaka kusumbua. Violet akaweka kiganja juu ya kioo mpaka likatulia. Mwishoni hapakuwa na muda. Shule moja ya Kilolo ilishafika nje, na watoto wake walikuwa wanaimba.

Njia nzima ya kurudi walimwita Milembe Mjerumani. Bibi Roza aliwakemea hadi Mafinga, kisha akachoka, akaanza kuwaombea.

Jembe la makumbusho lilifika Mferejini lenyewe siku ya tatu asubuhi. Wengi walikuwa wameliona njiani. Wapasua mbao wa Mafinga walisema lilipumzika kidogo likiegemea mbao zao, likaendelea. Mama mmoja muuza nyanya Makambako alisogeza ndoo zake za sado ili lipite. Lilitembea kwa kutua juu ya makali yake, likitulia, likitua tena, na kila lilipotua liliacha kovu dogo ardhini. Askari wa barabarani waliliacha. Lilikuwa linatembea upande wake, na halikuwa na mzigo.

Mama Milembe alikuwa anafagia uwanja. Jembe likasimama mlangoni pake likaegemea ukuta. Alilikaribisha, akalisogeza, akafagia pale liliposimama, akalirudisha.

Bibi Roza alipokuja kuchukua maziwa alimkuta Ndalahwa amechuchumaa mbele yake.

"Mayu, limefika," Ndalahwa alisema. Humwita hivyo, mama, kwa lugha ya kwao.

"Naliona. Limetembea?"

"Limetembea. Makali yamelika kidogo. Mpini nao mfupi, lilitengenezwa kwa mtu wa milimani."

"Utaupaka mafuta."

"Nimeshaupaka." Akapangusa vumbi la njiani kwenye makali. "Unadhani kesho litatusaidia?"

Bibi Roza alifunika kidumu cha maziwa kwa jani la mgomba. Maishani mwake alikuwa ameomba vitu vingi, akapewa baadhi, na hajawahi kupewa kwa namna aliyoitaja. "Mungu amewahi kutuma vitu vidogo kuliko hilo," alisema. "Mimi kesho nitasimama niseme. Kama watasikia, hilo si la kwangu."

Milembe alitoka ndani akiwa na madaftari. Alilitazama jembe jinsi mtu anavyomtazama ndugu aliyechelewa msiba.

"Shikamoo," aliliambia, kisha akaenda shule.

Mkutano ulifanyika Jumamosi kando ya ghala la mpunga, upande wenye kivuli. Violet naye alikuwapo. Makumbusho ilimtuma na gari kulifuata jembe, na mwenyekiti wa kijiji, Nashoni, alipomwona anashuka na kitambulisho kifuani aliona ni fursa. Aliletewa kiti chenye mikono, kitambaa kikatandikwa, soda ikafunguliwa mbele yake.

"Ndugu wananchi, leo tuna mgeni rasmi," alisema Nashoni. "Ametoka Iringa. Kabla ya ajenda, atusalimie."

Violet hakuwa amejiandaa, lakini maneno yale aliyajua kama sala. Alisema tofauti zetu ni utajiri wetu. Alisema kila mtu ana kitu cha kumfundisha mwenzake. Wananchi wakapiga makofi, na wanawake wawili wakapiga vigelegele. Mgeni rasmi akaketi akanywa soda yake, maana jua lilikuwa kali.

Jembe lilikuwa limekuja lenyewe. Lilisimama nyuma ya Ndalahwa, mwisho kabisa, walikokaa watu wa kando ya mfereji.

Nashoni alikohoa. "Ajenda ya kwanza, kabla hatujagawa mashamba. Mmeliona jembe hili. Hatuwezi kujifanya hatujaliona. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ndugu Ndalahwa amekaa nasi muda mrefu, na kwa kweli hatukuwahi kumpa jembe. Hilo ni kosa la kijiji. Mnasemaje?"

"Ni kosa," watu waliitikia.

"Sasa jembe limekuja. Wanaokubali kwamba Ndalahwa amepewa jembe wanyooshe mikono."

Mikono yote ilinyooka. Hata Shedrack, aliyekuwa juu ya magunia na wenzake, alinyoosha, akashushwa mkono na mama yake. Milembe, aliyekaa karibu na Anjela, alitazama mikono ile mingi namna ile, akamshika mwenzake kidole.

Ndalahwa akasimama akavua kofia. "Nashukuru sana, mwenyekiti. Nawashukuru wananchi. Sasa naomba kujua, nitalima wapi?"

Watu wakakuna vichwa.

"Hapo sasa," alisema Nashoni. Akamgeukia Mzee Jailos, Msangu, anayeulizwa mambo ya mila kwa sababu wenzake wa rika walishakufa. "Mzee, methali inasemaje kuhusu shamba?"

Mzee Jailos alifikiri kwa uaminifu. Akasogeza midomo, akairudia methali polepole toka mwanzo, kama mtu anayepapasa mfuko wa koti. "Mgeni siku mbili," alisema. "Ya tatu mpe jembe." Akangoja kidogo. "Inaishia kwenye jembe."

"Hakuna mbele?"

"Hakuna. Hata baba yangu aliishia hapohapo."

Bibi Roza akasimama. Magoti yalimuuma, akashika bega la jirani.

"Mwenyekiti, mimi nimetoka Kilolo. Wewe babu yako alitoka Njombe akifuata kazi ya kuchimba mfereji huu. Jembe lenyewe limetoka Ukinga. Sasa nauliza, mwenyeji hapa nani?"

"Bibi yetu, wewe uliolewa," alisema Nashoni kwa heshima.

"Ndiyo. Mimi nililetwa na mume, huyu kaletwa na ng'ombe. Wote tumeletwa."

Watu wakacheka sana. Mtu mmoja nyuma alisema, "Ila Bibi, mume wako hakula mpunga wa jirani!" Wakacheka tena. Hata Ndalahwa alicheka kidogo, kwa adabu.

"Tena Maandiko..." alianza Bibi Roza.

"Hayo tutayasikia kesho kanisani, Bibi. Leo ni serikali."

Bibi Roza alisubiri kicheko kiishe. Kilipoisha aliona watu wameshageukia meza ambako mashamba yalikuwa yanatajwa, akaketi. Mashamba yalikwenda kwa wenyeji. Mengine yalikwenda kwa wenyeji wanaoishi mjini Mbeya, wenye maduka Iyunga, ambao huja wakati wa mavuno kuchukua magunia ya kodi. Watu wa kando ya mfereji hawakutajwa. Mwishoni Nashoni alikumbuka jambo, akampungia Ndalahwa mkono.

"Ndugu yangu, kwa kuwa sasa una jembe, Jumatatu ni kazi ya kusafisha mfereji. Usikose. Safari hii huna kisingizio."

Violet alitia jembe nyuma ya gari, akalifunika kwa turubai. Kabla ya kuondoka alimwita Milembe pembeni.

"Lile swali lako sikulisahau," alisema.

"Asante, madamu."

"Nitalifanyia kazi."

Jumatatu Ndalahwa alisafisha mfereji kwa jembe la kuazima. Siku ya tatu tangu gari liondoke, jembe la Wakinga lilikuwa mlangoni pake tena, makali yakiwa na udongo mwekundu wa Iringa. Violet alikuja akalichukua. Likarudi. Baadaye alipiga simu tu kwa Mwalimu Jofrey kuuliza kama limefika salama, na baadaye tena hakupiga. Watu wa Mferejini walilizoea. Likipita sokoni walilipisha njia na kulisalimia, maana ni la zamani. Ilipotokea mtu kavunjikiwa mpini, alikwenda kuliazima kwa Ndalahwa, akarudisha jioni.

Wingu lilipoanza kujikusanya juu ya milima ya Chimala, vijana walitumwa kubomoa nyumba za kando ya mfereji. Walibomoa taratibu, bila matusi. Mmoja alimsaidia mama Milembe kutoa mtungi. Mwalimu Jofrey alimwambia Milembe kwamba shule za Chunya, walikokuwa wanaelekea, ni nzuri pia, akampa kalamu mbili na rula. Anjela alimpa sketi yake. Shedrack alisimama kando ya barabara, hakurusha kitu.

"Kwaheri, Mjerumani," alisema. Safari hii hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe hakujua aweke wapi mikono.

"Kwaheri, mchunga mbwa," alisema Milembe.

Mkokoteni ulitangulia, ng'ombe wakafuata, na jembe likafuata ng'ombe, likitua na kutulia. Bibi Roza aliwasindikiza hadi daraja la mfereji. Alisali pale, kwa sauti, hadi mkokoteni ulipokata kona. Kisha akarudi, kwa sababu alikuwa ameacha maharage motoni.

Baada ya mavuno simu yake iliita. Sauti ilikuwa inakatikakatika.

"Bibi, shikamoo. Ni mimi Milembe."

"Marahaba, mwanangu. Mmefika wapi?"

"Tuko mbele ya Chunya. Hatujapata shule, iko mbali. Huku nako kuna mwenyekiti."

"Anasemaje?"

"Anasema sisi ni wageni, tusubiri."

"Na jembe?"

"Lipo. Limekaa mlangoni." Kelele za upepo zikaingia katikati. "Bibi, darasa la saba mmeshafika mada ya sehemu na desimali?"

"Ngoja nimwite Anjela," alisema Bibi Roza, lakini salio la upande wa pili lilikuwa limekwisha.

Mwaka ule makumbusho iliwaalika tena Mferejini, na kamati ya wazazi ikamchagua Bibi Roza tena. Basi lilisimama Makambako. Upepo ulikuwa uleule. Violet aliwapokea mlangoni, sauti imekauka, akamshika Bibi Roza mkono kwa furaha ya kweli.

"Bibi, njoo uone. Tumefanyia kazi."

Ukutani palikuwa na kadi mpya, kubwa kuliko zote na nzuri kuliko zote, imeandikwa WASUKUMA, pembeni imechorwa kibuyu cha maziwa. Violet alisema aliipigania kwenye vikao viwili. Ukuta wa wageni ulikuwa palepale, lakini masharubu yalikuwa yamesogezwa juu kidogo ili mtoto asigonge kichwa.

"Haya watoto," alisema, "kila mmoja chini ya kabila lake!"

Watoto wakakimbia. Chini ya Wahehe kulijaa, chini ya Wasangu kulijaa, Wabena wakasukumana. Violet alisimama karibu na kadi mpya akiwa ametabasamu, akingoja.

"Wasukuma wako wapi?"

Watoto wakatazamana.

"Walihama, madamu," alisema mmoja.

Violet aliendelea kutabasamu kwa muda, kwa sababu uso ulishajipanga hivyo. Chini ya kadi ile kulikuwa na kiti cha mlinzi, nacho kilikuwa kiti pekee chumbani. Magoti ya Bibi Roza yalikuwa yanauma tangu Mafinga. Alikwenda akaketi hapo, akaweka mkoba mapajani, chini ya kibuyu cha maziwa, na hakuna aliyemwambia aondoke.

Violet akawaita watoto kulizunguka sanduku la kioo. Lilikuwa tupu, limefutwa vumbi vizuri.

"Wahenga walisemaje? Mgeni siku mbili..."

"Ya tatu mpe jembe!"

"Vizuri sana," alisema Violet. "Jipigieni makofi."